Ubao Kati ya Televisheni Mbili

Kazini kwetu kuna vijana wanaopenda gemu, na kila wakisoma kwamba kampuni fulani ng'ambo imehangaika miaka na mikaka kutengeneza gemu ya kupigana risasi, kisha ikaifunga kabla watu hawajaizoea, hubishana mpaka chakula kinapoa. Mmoja atasema ilikuwa ghali. Mwingine atasema silaha zilikuwa chache. Mimi hunyamaza, kwa sababu najijua: nikianza sitanyamaza. Nakumbuka ubao uliosimama kati ya televisheni mbili katika chumba cha nje cha nyumba yetu kule mtaani Umoja, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Ubao huo ulibakisha kidogo tu kumpeleka baba yangu kijijini kabla ya wakati wake.

Baba alikuwa mtangazaji wa treni. Kwa zaidi ya miaka ishirini aliketi katika kijumba chenye kipaza sauti na saa ya ukutani, akawaambia watu treni ipi inaingia, ipi imechelewa, na nani aharakishe. Sauti yake ilikuwa nzito na haikuwa na papara. Akiomba mkate dukani, hakukosekana mtu wa kugeuka kumtazama, akijaribu kukumbuka amemsikia wapi. Kisha akapunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi, na sauti ile akaiacha hukohuko. Nyumbani akawa mtu wa "ndiyo", "hapana" na "nipe maji".

Wenzake wawili waliopunguzwa siku moja naye walirudi kwao magharibi bila kuchelewa. Tuliwazika wote wawili kabla mwaka haujaisha. Kwenye mazishi ya yule wa pili nilikiona kiti alichokuwa akikalia, kimewekwa chini ya paa, kikitazama barabara, na mjane wake akaniambia mumewe alikuwa akikaa pale tangu chai ya asubuhi hadi kuku waingie. Hakuwa mgonjwa. Hakuwa na la kufanya, basi.

Kwa hiyo Baba alipotangaza kwamba kiinua mgongo chake atakinunulia mashine mbili za gemu na televisheni mbili, sikucheka, ingawa mtaa mzima ulicheka. Mzee wa reli na gemu wapi na wapi? Lakini kijana wa rafiki yake alikuwa amemwonyesha jinsi mashine hizo zinavyounganishwa kwa waya, kila mtu akawa na televisheni yake na wote wakawa ndani ya vita vilevile, naye akapenda. Nadhani kilichompendeza ni ule waya. Ulimkumbusha mambo ya stesheni.

Alitupa masharti mezani, mimi na mama. Pasaka ikifika na chumba hakijasimama kwa miguu yake, mashine zitauzwa, nyumba itapangishwa, nao wawili watapanda treni ya Kisumu warudi nyumbani. Mama hapendi kukimbizwa. Siku ileile alianza kufunga vikombe vyake vizuri kwa magazeti na kuvipanga ndani ya sanduku la bati. Mimi nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza shule, sina kazi, nikawa msaidizi wa Baba. Niliogopa sana. Kijiji sikukiogopa, nilikiogopa kile kiti.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Gemu yetu ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuona: majumba yenye madirisha, moshi unaopanda, askari ambao viatu vyao vilisikika tofauti wakikanyaga bati na wakikanyaga mchanga. Watu walikuja kuishangaa. Tuliweka benchi nyuma ya viti viwili vya wachezaji, na benchi likajaa. Wateja wakubwa walikuwa wawili: fundi viatu wa pale kona, mtu mfupi mwenye vidole vyepesi, na kondakta mmoja wa matatu aliyekuwa akija saa za mchana gari likipumzika. Walichukiana kwa namna ya watu wanaopendana.

Kilichoharibu ni kuchungulia. Televisheni zilikuwa bega kwa bega, na mtu akigeuza jicho tu angeona adui yake amejificha wapi.

"Buda, huyu msee anachungulia!" kondakta alimshtakia Baba. "Najificha vipoa, yeye anakuja moja kwa moja!"

"Sasa nifunge macho?" fundi viatu akajibu. "Wewe hujui kucheza, bana. Sare tu, achana na gemu."

Na benchi nalo halikusaidia. Kila mtu alikuwa na upande wake, wakapiga kelele: yuko nyuma ya ngazi, geuka, geuka! Siku moja kondakta alisimama, akavuta shati la fundi viatu, na waya wa pedi, kile kidude cha kuchezea, ukakatika.

Baba hakupiga kelele. Alichukua futi, akapima, akaenda kwa maseremala wa Shauri Moyo, akarudi na ubao mpana wa saiprasi uliorandwa vizuri mpaka unang'aa. Akaufunga kwa skrubu katikati ya zile televisheni, ukatokeza mpaka kati ya viti. Sasa hakuna aliyeweza kumwona mwenzake wala televisheni ya mwenzake. Kisha akalitoa benchi nje.

"Hawa ni watu wa kusindikiza," aliniambia. "Hawana tiketi. Wanajaza jukwaa, abiria anakosa njia."

Nakiri kwamba nilikubaliana naye. Hata nilimsaidia kushika ubao akikaza skrubu. Ilionekana haki yenyewe. Mtu amelipia mchezo wake, acheze kwa amani, bila kuchunguliwa, bila kupigiwa domo na watu wasiolipa chochote. Nani angelalamikia jambo kama hilo?

Hakuna aliyelalamika. Waliacha kuja tu.

Walianza wa benchi, nasi tukaona heri. Halafu wageni. Mgeni alikuwa akiingia, anakaa upande wake wa ubao, anapewa pedi yenye vidude vya kubonyeza kila mahali, anatembea hatua nne katika lile jumba zuri na anakufa. Anaamka, anakufa tena. Hajui nani amempiga wala ametokea wapi. Hakuna wa kumwambia bonyeza hapa, hakuna wa kucheka naye. Upande wa pili wa ubao anasikia mtu akikohoa. Muda wake ukiisha anasema asante mzee, na humwoni tena. Mwishowe hata fundi viatu na kondakta wakapotea, na chumba kikawa kimya hata nikasikia saa ya ukutani, maana Baba alikuwa ameweka saa ya ukutani.

Mimi nina ulimi mkali, niliurithi kwa bibi pamoja na jina lake. Ndiyo maana Baba aliniita "mama" tangu nikiwa mtoto, kwa kuwa nilibeba jina la mamake. Kwa wiki mbili nililaumu kila kitu: mvua, karo za shule, rangi ya kibao chetu cha nje. Zaidi ya yote nilimlaumu jirani wa mtaa wa pili, mama Mkamba mmoja, mke wa mchongaji vinyago, aliyekuwa na mashine moja kuukuu sebuleni kwake na wateja waliofurika mpaka mlangoni. Mashine moja! Gemu yake niliwahi kuiona mara moja. Askari walikuwa na vichwa vya mraba na mikono kama matofali, na kuta zote zilikuwa na rangi ya uji.

Ikabidi niende kupeleleza. Nilijifanya nimetumwa chumvi.

"Umekuja chumvi ama umekuja kuangalia?" aliniuliza huku akisukuma chapati, hata hakuinua uso. "Kaa hapo mwisho wa benchi, msichana wangu. Kuangalia ni bure."

Nikakaa. Mbele yetu kulikuwa na televisheni moja iliyokatwa katikati na mstari, huyu anacheza nusu ya juu, yule nusu ya chini, na kila mtu chumbani anaona yote. Kuchungulia kulikuwa ruhusa. Kulikuwa ndio mchezo wenyewe! Niliona mtu akimwelekeza askari wake atazame ukuta mtupu, akae hivyo, ili adui akichungulia asijue yuko chumba gani, na benchi zima likamshangilia kwa ujanja huo. Mchezo haukumaliza hata muda wa kunywa kikombe cha chai. Aliyeshindwa anainuka, mshindi anabaki, na sisi sote kwenye benchi tunasogea nafasi moja. Nilikuwa nimekuja kwa ubaya, lakini kila tuliposogea nilihesabu waliobaki mbele yangu. Zamu ilikuwa inakuja kwangu.

Na kwenye lile benchi, nafasi chache mbele yangu, niliwaona fundi viatu na kondakta, wakila chapati moja wamegawana.

Zamu yangu ilipofika nilitaka kukataa. Kondakta akanisukumia pedi. "Usiogope, siste. Hii ya kulia ndio risasi. Hii ya juu unaruka. Hizo zingine sahau." Nikafa mara moja, nikafa mara ya pili, chumba kikavunjika mbavu, nami nikacheka mpaka machozi, kwa sababu kifo changu wote walikiona: niliingia mlangoni kinyumenyume. Mara ya tatu nikampiga mtu. Sijui nilivyompiga. Wakanishangilia kama nimefaulu mtihani wa taifa. Niliinuka pale sitaki kuinuka, nikarudi mwisho wa benchi nikaanza kusogea tena, na chumvi nikaisahau.

Njiani nikirudi niliyaelewa ambayo vijana wa kazini wanayabishania mpaka leo. Gemu ya yule mama haikuwa nzuri kuliko yetu. Ilikuwa mbaya mno. Lakini mtu hutoa shilingi yake ili aonekane akishinda, na akishindwa, awe na wa kucheka naye. Wale wa benchi walikuwa wateja ambao zamu yao haijafika, na walipokuwa wakingoja walikuwa wanajifunza, wanafundisha, wanamfanya yule aliyekaa mbele ajione mtu. Sisi tulikuwa tumewafukuza, halafu tukamfungia kila aliyebaki peke yake na gemu nzuri.

Nilimkuta Baba anapangusa televisheni ambazo hazikuwa na vumbi. Nikamweleza yote kwa pupa, nimesimama. Nikamwambia tung'oe ubao, turudishe benchi.

"Wale hawana tiketi," akasema.

"Baba, hapa si stesheni!"

Hakujibu. Nami kule kutojibu kwake kulikuwa kumenichosha kwa miezi, nikaongeza maneno ambayo hadi leo natamani ningeyameza: "Na hata hiyo stesheni inaendelea bila wewe."

Aliendelea kupangusa. Alimaliza televisheni ya kwanza, akaenda ya pili, akakunja kitambaa mara mbili, akakiweka mahali pake. "Wewe," akaniambia, "funga mlango ukitoka." Tangu siku hiyo hakuniita "mama" tena. Nikawa "wewe". Wewe lete, wewe zima. Sikujua neno dogo hivyo linaweza kumkosesha mtu hamu ya kula. Nilitaka kuomba msamaha kila asubuhi, na kila asubuhi niliona aibu.

Jumamosi moja kabla ya ile ya Pasaka, mvua kubwa ikinyesha, televisheni moja ilitoa harufu ya mpira unaoungua, ikazima. Baba akaichomoa, akaitazama kwa muda, akasema basi. Hakuna maana ya kumwita fundi kwa ajili ya wiki moja. Mama akaenda kutafuta magazeti zaidi.

Ni mvua iliyowaleta. Fundi viatu alikuwa amefunga kibanda chake, kondakta alikuwa na gari lililokwama kwenye maji, na nyuma yao watu wanne watano niliowajua kwa sura tu, wote wakitafuta paa. Baba hawezi kumfukuza mtu mvuani. Wakasimama ukutani wakichuruzika.

"Buda, si tucheze na hii moja?" kondakta akauliza.

"Imeharibika nyingine," Baba akasema. "Gemu yetu ni ya televisheni mbili."

Nilipiga moyo konde. "Inaweza kukatwa katikati," nikasema. "Niliona kwenye orodha ya gemu siku ya kwanza."

Baba alinitazama, akatazama ubao, akatazama wale watu. Sijui aliwaza nini. Alifungua droo, akatoa bisibisi, akaanza kulegeza skrubu moja moja, polepole, bila kuharibu hata tundu. Ubao ulipotoka haukuwa na pa kuwekwa, kwa kuwa chumba kilikuwa kidogo na watu wamejaa. Fundi viatu akaingiza mawe mawili ya kujengea kutoka nje, akaulaza juu yake, akaketi. Wengine wakaketi naye. Benchi la kwanza lilikuwa limeshaoza nje kwenye matope.

Wakacheza. Picha zetu nzuri zilikuwa zimebanwa nusu kwa nusu, na televisheni yenyewe haikuwa kubwa. Waliokuwa nyuma hawakuona vizuri. Wakaanza kusukumana, na mmoja wa wageni, mtu mzima aliyevaa ovaroli ya kiwanda, akamgeukia Baba aliyesimama kando ya televisheni, na kumuuliza kwa heshima:

"Samahani mzee, ni nani anaingia hapo?"

Swali hilo Baba alikuwa amelijibu zaidi ya miaka ishirini. Alijibu kabla hajafikiri.

"Anayeingia sasa kupitia mlango wa pili ni mchezaji wa kiti cha kushoto. Mchezaji wa kiti cha kulia amechelewa, yuko ghorofani. Walio karibu na ngazi, tafadhali wajihadhari."

Vichwa vyote viligeuka. Hata vidole vya kondakta vilisimama kwenye pedi, akapigwa risasi, na hapo ndipo kelele zililipuka. Walipiga makofi, walipiga ukuta. "Buda! Sema tena! Buda, ni wewe ulikuwa ile sauti ya stesheni?" Baba alitazama mlango kana kwamba angetoka. Sikio lake lilikuwa limebadilika rangi. Kisha akafunga kifungo cha juu cha shati, akasimama wima, na akasema tena.

Mama alitokea jikoni na unga mikononi. Alisimama mlangoni, hakuingia. Nilimwona akiisikiliza ile sauti, nikalia pale mbele ya watu, na sikujali.

Wiki hiyo mvua iliendelea, lakini hawakuja kwa sababu ya mvua. Walikuja kucheza, na zaidi walikuja kucheza huku wanatangazwa. Aliyefika mara ya kwanza Baba alimtangaza kama abiria mgeni, akaeleza kwa upole kitufe gani ni cha risasi, na akifa alitangaza kifo chake kwa heshima zote, hata yule aliyekufa akajisikia amefanya jambo. Watu wa benchi wakaanza kuomba chai, mama akachemsha. Yule jirani mke wa mchongaji akaja mwenyewe kusikia, akakaa mwisho wa ubao, akasogea na sisi mpaka zamu yake ikafika. Alikuwa hatari kuliko wote.

Lakini Baba hakusema lolote kuhusu Kisumu, na sanduku la bati lilibaki pale pale limefungwa. Mimi bado nilikuwa "wewe".

Jumamosi ya Pasaka, alasiri, chumba kilijaa mpaka nje ya mlango. Mchezo mmoja uliisha, wachezaji wakaanza kupishana, ubao ukasogea. Baba aliinua mkono. Nilidhani anataka kuomba nafasi ya kupita.

"Tangazo," akasema kwa ile sauti yake. "Hili ni tangazo kwa abiria wote. Treni ya kwenda Kisumu iliyotarajiwa kuondoka baada ya Pasaka, haitaondoka. Narudia. Haitaondoka. Tunaomba radhi kwa usumbufu."

Walicheka sana. "Sasa buda, tutafika ushago kule kijijini na nini?" kondakta akapaza sauti, wakacheka tena, wakadhani ni mzaha wa mzee wa reli. Fundi viatu tayari alikuwa ameketi akidai pedi.

Baba alinigeukia mimi niliyekuwa nimeshika birika kando ya ukuta.

"Mama," akaniambia, "waongezee hawa watu chai."

Nilimimina mpaka vikombe vikaisha, na bado watu walikuwa wamenyoosha mikono. Mama alihesabu vichwa kwa macho, akaingia ndani, na kutoka chumbani nikasikia sanduku la bati likifunguliwa na magazeti yakichanwa.